Alisema "Ego"

"Ego," mshtakiwa alijibu, na hakimu akainua kalamu kuandika kwamba amekiri wizi wa ng'ombe.

Profesa Maximilla alishtuka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa Kasulu kwa likizo tu, mwaka ule wa tisini na sita, akapita mahakamani kumsalimu hakimu huyo, aliyekuwa zamani mwanafunzi wake wa mwenendo wa mashtaka ya jinai. Hakimu alikuwa mtu wa pwani. Maximilla ni Muha, na alijua kwamba mkulima wa Munanila kama huyu mshtakiwa akisemeshwa na mkubwa huitikia "ego", yaani ndiyo, hata kama Kiswahili chenyewe kimempita.

Kumsahihisha mwanafunzi wake mbele za watu kungemvunjia heshima. Hata hivyo alisimama.

"Mheshimiwa, naomba niwe mkalimani."

Hakimu akamwapisha.

Maximilla aliuliza kwa Kiha, taratibu. Vidole vya yule bwana, vilivyokuwa vimeng'ang'ania kizimba, vikalegea. Akaeleza kwa kirefu. Maximilla alisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa ameapa kutafsiri kila neno.

"Anasema ndiyo, alimchukua zizini kwa jirani."

Watu wakaguna.

"Anasema pia kwamba ni ng'ombe wake. Alimpa jirani amtunzie, na jirani akakataa kumrudisha."

Hakimu aliweka kalamu mezani.

"Basi hajakiri kosa," alisema. "Aitwe huyo jirani, tumsikilize."