Toa Moja, Nipe Lingine

Asubuhi mama alikuwa ameacha neno NYUMBA, kwa herufi za mbao, pale dirishani, chumbani kwa marehemu mwanawe. Alasiri, aliporudi kutoka kazini, alikuta NYUMA. Herufi B ilikuwa imewekwa pembeni, peke yake.

Mama alikaa kwenye kitanda cha mtoto. Mlango wa mbele aliukuta umefungwa kama kawaida. Funguo ni mbili tu, na mume wake hajui kusoma.

Huo ulikuwa mchezo wa Profesa, kama walivyomwita mtoto wao. Alikuwa akipanga neno kwa herufi za mbao, kisha anasema, "Toa moja, nipe lingine." Mpinzani wake alikuwa mama. Baba mtu, fundi seremala, ndiye aliyezichonga herufi zile kwa kufuatisha kitabu cha shule, lakini mchezo wenyewe aliutazama kwa mbali. Shule hakuipitia hata mlangoni. "Nazijua kwa sura, kwa majina hapana," alikuwa akisema, na mtoto akicheka mpaka kujishika mbavu. Kisha ikaja homa, ikamchukua Profesa kabla hata dawa haijaisha chupani.

Neno lile mama alikuwa amelipanga kwa uchungu tu, hakutegemea kitu. Sasa akaweka SHAMBA. Siku mbili kimya, kisha SHABA. Baadaye ikawa SABA, halafu SAA. Mara moja alikuta herufi imegeuzwa kichwa chini. Mara nyingine ilitolewa isiyohusika, neno likawa halina maana. Alicheka peke yake huku machozi yakimtoka. Profesa hakuwahi kukosea. Pengine huko aliko anaanza kusahau. Sakafuni palikuwa na unga kidogo wa mbao, akaufuta kwa kiganja.

Hakumwambia mtu. Tangu mazishi hakuwahi kumwona fundi akikanyaga chumba kile. Akipita mlangoni hugeuza uso ukutani. Siku hizi alikuwa akichelewa kurudi, alisema kazi imembana, naye mama hakumchimba zaidi. Walikula, kila mtu na lake moyoni.

Aliyekuja juu ni dada yake mama. Alisema nyumba ile inammaliza mdogo wake, nguo zinamning'inia kama ziko kwenye kamba. Alikuwa amewapatia nyumba nyingine upande wa pili wa mji, na mwenye nyumba anataka jibu kesho. Wazo la kuhama lilikuwa la fundi, tena alilishikilia sana baada ya mazishi. Safari hii aliinamisha kichwa, akasema wangoje kidogo. Mama alimshukuru kimoyomoyo, akidhani anamwonea huruma.

"Mnangoja nini humu?" dada aliuliza.



Kulipokucha, mama akapanga USIKU. Akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini kwamba hili ndilo la kuamua. Akilijibu, mama haendi popote. Asipojibu, watafungasha. Kisha akatoka, akamwacha fundi anaoga, akashika njia ya kwa dobi, kupiga pasi mashuka ya hoteli.

Njiani akakumbuka aproni. Bila aproni msimamizi haruhusu mtu kugusa pasi, kwa hiyo akarudi.

Mlango wa mbele ulikuwa umeegeshwa tu. Wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mtu ananong'ona.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha, penseli sikioni, kidole kikitambaa chini ya herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

"U... si... ku." Akaitoa ya kwanza, akaiweka pembeni. Midomo ikahangaika tena. "Si... ku. Siku."

Akafumba macho, akatabasamu.

"Nimelipata, Profesa," alisema. "Baba anajifunza kila jioni, usinikimbize. Kesho niwekee lingine."

Mama akarudi kinyumenyume mpaka nje, akauvuta mlango taratibu. Njia nzima hadi kazini, bila aproni, alikuwa akitafuta neno rahisi.