Mgongo wa Mama Mkwe

"Wewe kaa kule," wifi mkubwa alisema.

Mke wa kaka yao akasogea mwisho wa benchi, karibu na mlango wa chumba cha picha cha hospitali. Ndani, mashine iligonga kama fundi bati. Humo alikuwa amelazwa mama mkwe wake, mgongo umevunjika.

Alikuwa akimwogesha. Kila asubuhi ilikuwa kazi yake, isipokuwa kifua. Hapo mama alikuwa na haya zake, akijiosha mwenyewe na kujifunika taulo upesi. Leo alimshika kwapani ainuke kwenye kigoda, ikasikika "ka" kama kijiti kikavu, mama akamponyoka hadi sakafuni. Mawifi walipofika hawakuuliza mara mbili. Hata mumewe, aliyekuwa safarini, alimkatia simu katikati ya maelezo.

"Mkono wa mkwe si mkono wa mwana," wifi mdogo alisema, macho dirishani.

Mkwe akaitazama mikono mapajani pake. Mikono ilikuwa yake kweli.

Daktari wa picha akamwita peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo mama alipoanguka. Kwenye kioo cha kompyuta akamwonyesha pingili za uti wa mgongo, moja imebonyea. Mfupa ukichoka kwa uzee, alieleza, kwa kawaida hubonyea mbele, ukuta wake wa nyuma ukabaki umenyooka. Huu ulikuwa umetuna kwa nyuma. Tena pingili nyingine, ambazo hazijavunjika, zilikuwa na madoa yale yale.

"Ni saratani, dada. Nadhani imeanzia kwenye titi. Imeula mfupa kutoka ndani." Akamgeukia. "Hukumwangusha. Mfupa ulivunjika kwanza, ndipo akaanguka."

Pumzi zikamshuka. Papo hapo akaionea aibu nafuu ile.

"Inatibika?"

"Maumivu tutayapunguza."

Alitembea kuelekea wodini kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Marehemu baba mkwe alipotajiwa ugonjwa huo huo, aligeukia ukutani, akakataa chakula, akafa mapema kuliko hata madaktari walivyohofia. Mama ndiye aliyemuuguza. Jina lile, mama naye asingelistahimili.

Wodini mawifi walikuwa wamekizunguka kitanda. Mama alimtazama mkwe wake.

"Wameona nini, mwanangu?"

"Umevunjika kwa kuanguka tu, mama. Mfupa utaunga." Akamnyooshea shuka. "Ni mimi. Nilikuachia."

"Si tulisema?" Wifi mkubwa hakupaza hata sauti. "Sasa nenda nyumbani ukakusanye vyako. Mama tutamuuguza wenyewe." Wifi mdogo alikuwa ameshatoka nje kumpigia kaka yao.

Mkwe alitaka kusema neno, akaona kila neno lingemfikia mama. Akageuka kuondoka.

"Mwacheni aniage," mama alisema.

Alipoinama, mama alimvuta shingo mpaka sikio lake likagusa midomo.

"Ahsante," alinong'ona. "Ugonjwa niliujua kabla hujaanza kuniogesha. Sikutaka wanangu wajue."