Kidonge Mdomoni

Fundi cherehani alikipokea kidonge, lakini hakukimeza. Alikibana kwa midomo, kama alivyobana pini maisha yake yote, kisha akavuta tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake.

"Meza, baba," binti yake alimbembeleza. "Cha kusafisha ubongo hicho."

Daktari alishamwambia binti asitegemee vidonge. Pombe ilikula kumbukumbu nyingi kabla mzee hajaiacha. Lakini moyo wa binti uligoma kukubali, akaendelea kuvinunua.

"Simama wima, dada," mzee alisema kwa pembe ya mdomo. "Gauni la nini?"

Dada. Ndivyo alivyowaita wateja.

Kidonge kilianza kuyeyuka, rangi nyekundu ikamchuruzika hadi kidevuni. Binti alitaka kumwambia, ni mimi, mwanao.

"La harusi," alijibu. Yake ilishapita zamani, baba akiwa baa, amelewa chakari.

Mzee akampima mabega. Mikono yake haikukosea.

"Usijali, nitawahi kulimaliza. Baba yako akikuona nalo, atalia."

Binti akainua mikono, apimwe kiuno.