Boksi la Kadi Kubwa

Mwanatumu alisukuma kiti cha magurudumu cha mumewe, Shaweji, mpaka kwenye kaunta ya duka la kompyuta. Kadi ya picha ya kompyuta yao ilikuwa imeungua, na bila kadi hiyo miwani ya gemu, ile inayomwingiza mtu ndani ya mchezo, haifai kitu. Ndani ya miwani ile Shaweji, aliyepooza miguu kwa ajali, alikuwa akikimbia tangu asubuhi hadi usingizi umshike.

Muuzaji aliwawekea kadi mbili. "Hii ndogo, ukigeuza kichwa picha inachelewa. Utapata kizunguzungu, hata kutapika. Hii kubwa, utasahau kama umevaa miwani."

"Kubwa," alisema Shaweji. "Nje ya miwani sina cha kutazama."

Muuzaji alimtupia jicho Mwanatumu, kisha akainamisha uso. Mwanatumu alimsogeza mumewe mlangoni apate upepo, akarudi peke yake.

"Nipe ndogo," alinong'ona, "ila itie kwenye boksi la kubwa. Nitakulipa bei ya kubwa."

"Dada, atatapika kila akivaa."

"Nitampangusa. Tangu ile ya zamani iungue, anakula na mimi. Ananiita kwa jina langu."

Muuzaji aliitia ndogo kwenye boksi la kubwa, akalifunga.

Shaweji alilipakata kama mtoto mchanga. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, aliushika mkono wa mkewe, akaubusu.

"Twende haraka, mke wangu. Leo nitapanda mlima."

Mwanatumu aliuacha mkono pale pale midomoni mwake, na kwa ule mwingine akaanza kukisukuma kiti, polepole.