Mlinzi Aliyetii Sauti ya Bata

Wewe unayebetua midomo kabla hujasikia, tulia. Wabishi kuliko wewe wameumbuka.

Bata, mpenda ngoma, aliweka mayai yake chumbani na mlangoni akamsimamisha Kakakuona, mlinzi mtiifu kupindukia. Hutii sauti ya Bata peke yake; akiisikia tu, hutenda.

Nguchiro akaja uani. "Shoga, imba wimbo huu mpya! 'Kakakuona, toa yai nje!'"

Bata akauimba huku akitikisa mkia. Yai likabingirika mpaka mdomoni mwa Nguchiro, naye akatoka mbio.

"Umelitoa kwa nini?" Bata akafoka.

"Si umesema mwenyewe, bibi?"

"Nimeimba, bwege wee! Sasa kila asubuhi nitakunong'oneza neno jipya. Usipolisikia, usiguse mlango."

Kesho yake Nguchiro akarudi na wimbo mtamu zaidi: "Kakakuona, tufungulie tuingie!"

Bata akauimba kwa madaha.

"Neno la leo?" akauliza Kakakuona.

"Neno gani tena?" Nguchiro akashtuka.

"Bamia!" Bata akacheka. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wakicheza.

"Mayai yako wapi?" akauliza Nguchiro.

"Nimeyahamishia kwa dada. Haya, imba wewe, shoga, tuone kama Kakakuona atakufungulia," akasema Bata, akatoka, akaufunga mlango.