Pacha Asiyekimbia

Chini ya sheria ya utafiti wa mbio, pacha wote wa Kapsowar waligawanywa wangali wachanga: mmoja wa kukimbia, mwenzake wa kutembea tu. Wataalamu wa hesabu ndio waliochagua. Kati ya binti pacha wa Tabutany, Jerop alipewa kukimbia na Jelimo kutembea, na kila mmoja alivishwa bangili ya kupima mapigo ya moyo na mwendo wa miguu.

Tabutany alimzoeza Jelimo kutembea hata kwenye mvua. Mtoto akianza kurukaruka, alimshika mkono na kumwambia, "Taratibu, mama."

Asubuhi moja, Jerop akiwa mazoezini, mdogo wao Kimaru alitambaa kuelekea mekoni, uji ulikokuwa ukichemka. Tabutany, aliyekuwa zizini akikamua, alimwona akapaza sauti.

"Jelimo, kimbia umshike!"

Jelimo alikwenda kwa mwendo wake wa kila siku, mgongo wima. Alipofika, mkono wa Kimaru ulikuwa umeshaungua.

"Mbona hukukimbia?" Tabutany aliuliza, akimmwagia mtoto maji.

"Nilikimbia, mama," Jelimo alisema huku akilia.

Mchana daktari wa utafiti alikuja, akamfunga Kimaru bendeji, kisha akasoma bangili ya Jelimo. Moyo ulikuwa umeenda mbio. Miguu haikubadilika hata kidogo.

"Hongera, mama," alisema kwa upole. "Hatujawahi kupata matokeo safi kama haya. Tungependa aendelee mpaka apate watoto wake."

Tabutany alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri kuambiwa aende wapi.

"Asante, daktari," akajibu.