Zamu ya Bi Masika

Jamani, kayamba lilikuwa linakuja! Kwenye kikundi chao cha kuimba, likikufikia, ni wewe wa kuanzisha wimbo. Na Bi Masika tangu apigwe na kiharusi, miezi minne sasa, hatoi neno, ni mguno tu kama wa mbuzi. Mguno ukimtoka hapa, atarudi tena kwa watu?

"Mrukeni, mgonjwa huyo," mmoja akanong'ona.

"Huyu? Kanisema miaka ishirini bila kuchoka! Shika, wifi." Salha akambandikia kayamba mapajani.

Bi Masika akalitikisa. Wenzake wakapiga makofi taratibu, wakimngoja. Akafumba macho, akafungua mdomo.

"Njo... njooo..."

Makofi hayakukatika.

"...oooni!"

Salha akajiziba mdomo kwa kanga asiangue kilio cha furaha, mkono mwingine ukiendelea kupiga paja.